Mkate Uliopiga Chafya

Gurudumu la mkate lilizunguka kabla ya wakati wake, na mpishi Deolinda akajua mwoka mikate kaamua kumharibia siku. Pipa hilo la mbao lizungukalo, lililojengwa ukutani tangu enzi za masista, ndilo mgahawa wa iliyokuwa monasteri ulilopokelea mkate kutoka uchochoroni: wa nje anaweka na kuzungusha, mpishi anachukua ndani, hakuna anayemwona mwenzake.

"Saa nne tu, na mkate ni wa saa sita, Horácio! Umefukuzwa kitandani?" akafoka, vidole vikinuka kitunguu saumu.

Akavuta kapu. Lilikuwa na joto zuri, kama la mkate mpya. Kisha mkate ukapiga chafya.

Mwiko ulimtoka mkononi. "Yesu wangu! Anselmo! Njoo!"

Anselmo, mhudumu aliyezeeka kila kitu isipokuwa ulimi, akachungulia na kujishika kifua. "Mtoto! Bibi yangu aliachwa humuhumu na mamaye, masista wamlee. Mimi nilidhani mambo haya yalikwisha na wafalme."

"Nani kakuuliza ukoo wako? Mshike!"

"Mtazame mkono kwanza, mama. Zamani aliyetaka kumrudia mwanawe aliacha alama."

Kweli, palikuwa na uzi mwekundu, na kwenye uzi hereni moja ya dhahabu yenye umbo la moyo. Deolinda aliitambua. Hereni hizo alizivaa mama yake, akazivaa yeye, na Krismasi iliyopita akampa binti yake Graciete, anayefanya kazi Lisbon, ambaye tangu Pasaka hajaonekana nyumbani, kila siku akidai ametingwa na kazi.

Akamwachia Anselmo mtoto, akatoka mbio na aproni yake mpaka uchochoroni. Graciete alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mawe, uso umempauka, amejikumbatia tumbo.

"Wewe! Mjukuu wangu unampitisha kwenye tundu la mikate? Mlango hukuuona?"

"Nilikuuliza kwa simu, mama, kama utani tu. Ukasema nikija na mtoto asiye na baba, nisithubutu kubisha hodi kwako." Graciete akafuta pua kwa kiganja. "Sijabisha."

Deolinda aliyakumbuka maneno yale, na jinsi alivyocheka alipoyasema. Akapiga magoti juu ya mawe, mbele ya binti yake.

"Hodi, mwanangu," akasema.

Ile "karibu" ya Graciete ilichelewa sana kuja.