Neno Usoni mwa Bibi Harusi

Saa nne asubuhi, Jumamosi, neno JARIBIO lilikuwa limelala juu ya uso wa bibi harusi. Lilikuwa pia juu ya pasta aliyewafungisha ndoa, juu ya keki, na juu ya ngamia aliyepita nyuma ya hema bila kualikwa.

Kathure aliifunga programu yake ya kuhariri video, akaifungua tena. Jibu likawa lile lile: leseni hii ni ya kompyuta nyingine, na bila leseni programu iliandika JARIBIO juu ya kila picha. Kampuni yenye programu ingejibu barua pepe Jumatatu. Lakini kompyuta ilikuwa hiyo hiyo ya studio yake hapo Isiolo mjini. Kilichobadilika ni bodi tu, ile sahani kuu ya ndani, na aliyeibadilisha ni fundi Kirigia.

Lomuria, bwana harusi, alikuwa amesimama mlangoni na simu ndogo ya vibonye. Alikuwa amemnunulia mama yake, aliyekuwa kijijini Kipsing na mguu uliovunjika, na ambaye hakuiona harusi. Angeweza kumwonyesha kwenye simu yake mwenyewe, lakini angeondoka nayo kurudi kazini, na asingerudi hadi Desemba. Gari la Kipsing lilikuwa la saa nane.

"Dada, nipe tu hivyo hivyo."

"Mama akiuliza kwa nini mkamwana wake ameandikwa usoni, utamwambia nini?"

Lomuria akaangalia saa. Kathure akapiga simu.

"Kirigia, bodi yangu ya zamani iko wapi?"

"Ile ilikufa."

"Nimeuliza iko wapi."

"Haikufa sana. Ni tundu la waya wa skrini tu lililoharibika. Nikaiwekea kadi ya picha, nikaifunga kwenye kompyuta ya Denge wa kibanda cha video."

"Kirigia!"

"Si ulisema nitupe? Nilitupa kwa Denge."

Kathure hakupoteza muda kugombana. Leseni ilifungwa kwenye bodi ile pamoja na diski yake, na diski alikuwa nayo. Akaichomoa, akaifunga kwa leso, wakatoka.

Kwa Denge mabenchi yalikuwa yamejaa vijana wanaotazama filamu ya vita.

"Salaam aleikum, Denge. Naomba kompyuta yako kidogo."

"Aleikum salaam. Na hawa wateja?"

"Wataona harusi."

Denge akacheka, akazima vita. Kathure akachomeka diski yake na kuwasha. Programu ilifunguka bila swali. Kwa kuwa skrini ilikuwa moja tu, ile kubwa ya ukutani, kibanda kizima kilimwona bibi harusi akiwa na uso safi. Makofi yakapigwa.

"Lomuria, unacheza kama umekanyaga nge!"

"Mwenye kofia atoke mbele ya kamera!"

Nakala ya kwanza, yenye ukubwa wa runinga, simu ya vibonye iliikataa. Kathure alitarajia hivyo. Picha ilikuwa kubwa mno. Akaipunguza, akachagua mfumo wa zamani ambao simu hizo huuelewa, akaikata vipande vifupi na kuvitia kwenye kadi ya memori. Hakukisia, alivifungua vyote kwenye simu yenyewe. Bibi harusi akacheza, mdogo kama punje ya mahindi.

Lomuria aliwahi gari.

Jumapili jioni, akiwa juu ya kilima chenye mtandao, alituma ujumbe: "Mama ameangalia yote mara tatu. Anauliza ngamia ni wa nani. Betri ya simu yake imeisha."