Trela ya Chuma cha Mgodi

Mwezi wa Januari, mke wa Athanase aliloweka muhogo ndani ya mtumbwi wa mumewe. Habari hiyo ilizunguka mtaa mzima wa Kikula, na kama ilivyo desturi ya habari za Kikula, ilirudi kwa wenyewe ikiwa imenenepa: Colette anafuga bata humo, Colette ameutoboa mtumbwi kwa shoka, Colette ameuuza kwa watu wa Kolwezi. Uongo mtupu. Aliujaza maji, akamimina magunia mawili ya muhogo, akafunika kwa turubai, na kufikia siku ya nne ua wote ukawa unanuka.

"Kumbe mayi haitoke," alisema Athanase, ambaye ni mtu wa kutafuta heri hata penye harufu.

Colette hakucheka. Tangu Novemba alikuwa hacheki linapokuja suala la mtumbwi.

Mtumbwi wenyewe ulikuwa wa mabati, mita nne, na Athanase aliuunda kwa mikono yake mwaka aliostaafu. Miaka thelathini alikuwa fundi wa karakana za mgodi, akitengeneza vitu vya watu wengine ambavyo viliondoka na asivione tena. Mtumbwi ndio kitu cha kwanza alichokitengeneza kikabaki kwake. Kila Jumamosi alivua nao kwenye ziwa Tshangalele, kisha akaurudisha nyumbani Likasi, kwa sababu mara moja tu aliuacha ufukweni, na aliporudi alikuta makasia yamekwenda na ubao wa kukalia umekwenda pia. Kwa hiyo mtumbwi ulisafiri kwa trela nyuma ya pikapu ya Pitshou, mpwa wa mkewe, mtu mzima mwenye gari la umri wake na subira ya kutosha kuliendesha.

Trela ile ya zamani ilikuwa mkokoteni uliobadilishiwa kazi. Gurudumu moja lilikuwa kubwa kuliko jingine, hivyo mtumbwi ulisafiri umelala upande, ukiwaangalia wapita njia kwa jicho moja. Jumamosi ya mwisho ya Novemba, kabla uvuvi haujafungwa ili samaki wazae, ekseli ilikatika katika barabara ya Kapolowe. Mtumbwi ukateleza, ukakaa katikati ya lami. Athanase akakaa ndani yake kuulinda, Pitshou akaenda kutafuta kamba, na simu zote mbili hazikuwa na chaji. Kila gari lililopita lilipunguza mwendo ili abiria wamuulize samaki wa lami wanauma kwa chambo gani. Alifika nyumbani jua limekwisha kuzama, akiwa na kisa kizuri cha kusimulia, akakisimulia vizuri, na alipomaliza akaona ni yeye peke yake anayecheka.

"Papa Shekina, sikia," Colette alimwambia. Shekina ni binti yao mkubwa, yuko Lubumbashi na watoto wake. "Siku ya kufungua uvuvi, kama mutumbwi haiko mu mayi, na kama haikufika kule na remorque, trela ya nguvu, basi inakuwa yangu, ya minye. Nitaloweka muhogo ndani mpaka siku Yesu atarudia."

Alisema hivyo kwa sauti ya chini. Wanaomjua Colette huogopa sauti hiyo kuliko kelele. Muhogo wa Januari ulikuwa ukumbusho tu, ili mtu asije akasema hakuambiwa.

Basi Athanase akaenda kwa Adrien. Huyu Adrien ana karakana ya kuchomelea vyuma karibu na soko, na zamani walifanya kazi pamoja mgodini, Athanase kwenye mashine, Adrien kwenye wagoni za kubeba mawe ya shaba. Ni fundi mwenye swali moja.

"Itabeba nini?"

"Mutumbwi."

"Kilo ngapi?"

"Pengine mia moja."

"Bon. Tutafanya ya tani mbili."

"Papa Adrien, samaki ya kule haina nzito vile."

"Samaki najua. Barabara njo sijue itakufanya nini."

Athanase alikumbuka lami ya Kapolowe, akakubali. Tangu siku hiyo wazee wawili wakawa watoto. Walipata ekseli ya lori lililokufa. Walipata vyuma vya pembe vilivyokuwa vimeshikilia mkanda wa kusafirishia mawe mgodini, vyuma ambavyo hata kutu iliviheshimu. Springi waliweka sita kila upande, halafu Adrien akaangalia, akaguna, akaongeza moja. Kila kitu kilichoweza kuvunjika walikifikiria, wakakichomelea mara mbili. Mwisho wakaipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye geti la kanisa.

Adrien alikuwa pia na sheria moja: hakuna kitu kinachotoka kwake bila kujaribiwa, na hakijaribiwi kwa mawe. "Majiwe haisemake fasi inaumia," alieleza, yaani mahali panapouma. "Bantu banasema." Siku trela ilipokamilika, kwaya ya akina mama ilikuwa inapita kutoka mazoezini, Colette akiwa humo, sauti ya pili. Adrien akawaita. Akina mama kumi na wawili, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kulala njaa kwa hiari, wakapanda trela. Akawaomba waruke. Wakaruka. Trela haikulia hata kidogo. Adrien alifumba macho kwa raha.

Tatizo ni kwamba hawakushuka.

"Papa Athanase," aliuliza Mama Kabedi, kiongozi wa kwaya, akiwa amekwisha kukaa na kunyoosha miguu, "hii kintu inaenda ku ziwa siku gani?"

"Siku ya posho, mama. Ile Jumamosi ya kufungua."

"Muzuri. Siye balituita kuimba mu maombi ya kule. Gari hatuna."

Athanase alimtazama mkewe apate msaada. Colette alikuwa anachunguza ukucha wake.

Jumamosi hiyo ya Machi, watu wa Likasi waliona pikapu ikitoka mjini ikivuta trela ya kijani, juu ya trela mtumbwi, ndani ya mtumbwi kwaya nzima imevaa vitenge vya sare, inaimba. Athanase alikaa mbele na Pitshou, shingo imegeuka nyuma njia yote, uso wake uking'aa kwa fahari ambayo haikustahili kuonwa na watoto. Kwenye kila kilima gari lilikohoa.

"Tonton," Pitshou alisema, "hii kintu haiko nyuma ya gari. Gari njo iko mbele yake."

Walipofika mahali pale pa Novemba, Athanase alitaka kuwaonyesha akina mama jinsi trela inavyopita bila kutikisika. Akamwona Colette ameacha kuimba, ameshika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili, anaangalia lami. Wengine waliendelea na ubeti. Yeye alirudi kwenye wimbo walipofika kona ya mbali, na Athanase akajisikia vibaya bila kujua kwa nini.

Ziwani maombi yalikwenda vizuri. Kwaya iliimba, mchungaji wa kijiji alibariki nyavu, na mitumbwi ya wenyeji ikaingia majini yote kwa pamoja. Ulibaki mmoja.

Zamani kazi hii ilikuwa ndogo. Athanase na Pitshou waliifungua trela kutoka kwenye gari, wakaisukuma kwa mikono mpaka majini, mtumbwi ukaelea. Sasa walifungua, wakasukuma. Wakaita akina mama, wakasukuma wote kumi na wanne. Trela ilisogea kiasi cha kiganja, ikatulia.

"Haina mubaya," Athanase alisema. "Tufunge tena. Itaingia na gari, marche arrière."

Hapo ndipo ilipojulikana kwamba Pitshou hajawahi kurudi nyuma na trela maishani mwake. Alizungusha usukani kushoto, trela ikaenda kulia. Alizungusha kulia, trela ikajikunja kama inataka kumwangalia dereva usoni. Akina mama wakasaidia. "Ku kushoto." "Hapana, ku kuume." "Kwanza endelea mbele, ujipange." Wanawake waliokuja na mabeseni kusubiri samaki walisahau samaki, na mmoja aligeuza beseni lake akalikalia. Mara ya tatu trela iliingia kwenye shamba la matembele, na mwenye shamba alikuwa mtu mpole, jambo lililomfanya Athanase aone haya zaidi. Mara ya saba gari lilikuwa majini na trela ilikuwa inaelekea kanisa la kijiji.

Athanase akampigia Adrien.

"Imevunjika?" Adrien aliuliza.

"Hapana."

"Njo vile. Shida iko wapi sasa?"

"Haikubali kurudia nyuma."

Zilisikika nyundo za karakana, kisha zikakoma.

"Yaya, kaka yangu," Adrien alisema taratibu, "miaka yote tulifanyaka wagon. Wagon inarudia nyuma yenyewe, juu rails inaionyesha njia."

"Hapa hakuna rails, Papa Adrien."

"Ile sikuifikiri."

Athanase akakata simu, akakaa juu ya gurudumu la trela. Ilikuwa saa tano. Mitumbwi ya wenyeji ilikuwa mbali, midogo, na baadhi ilikwisha kuanza kurudi na samaki. Alijiona mjinga, mjinga mwenye springi saba kila upande. Hasira aliyokuwa nayo haikuwa kwa Pitshou wala kwa Adrien. Ahadi ni ahadi, na kati yake na Colette hakuna ahadi iliyowahi kuvunjwa kwa miaka thelathini na moja.

"Mama Shekina," alisema, akiangalia chini, "umeshinda. Twaa mutumbwi yako."

Colette alisimama akimtazama. Kisha akavua viatu vyake vya kanisani.

"Ba mama, muvue viatu," alisema. "Kila muntu ashike upande."

Kilo mia moja, akina mama kumi na wawili. Hesabu hiyo ilikuwa mbele ya macho yao tangu asubuhi. Waliuinua mtumbwi kama wanavyoinua benchi la kanisa siku ya kufagia, wakateremka nao, na kabla Pitshou hajazima injini ulikuwa unaelea. Mwanamke wa beseni alipiga makofi, akarudi kwenye biashara yake.

Athanase alibaki mdomo wazi. "Lakini ulikuwa unautaka," alisema. "Juu ya muhogo."

"Muhogo iko na ngunga yake ku nyumba," Colette alijibu, naye hakuwa na maana nyingine zaidi ya pipa la kulowekea lililoko nyuma ya jiko. Maji yalimfika magotini. "Mutumbwi minye sikuitakaka. Nilitaka weye urudie. Ile siku ya Novembre, saa kumi na moja haukufika. Saa kumi na mbili haukufika. Simu haiite. Nilisha kuchagua wimbo ya kilio yako."

Athanase alitaka kucheka, akawaangalia wengine kama wanacheka.

"Ni kweli," alisema Mama Kabedi. "Alinipigia simu. Tulisha kuanza répétition ya wimbo."

Akina mama wote wakaitikia kwa vichwa, kwa adabu, na mama wa sauti ya kwanza akakiri kwamba ubeti wa mwisho uliwasumbua. Kumbe watu kumi na wawili walikwisha kumzika katika ukumbi wa kanisa, wakati yeye amekaa juu ya lami anajibizana na abiria. Hakuwa amejua kwamba mtu anaweza kuogopa kiasi hicho kwa ajili yake. Alivua viatu, akaingia majini mpaka aliposimama mkewe.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Weye ulikuwa unacheka."

Athanase alishika mtumbwi usiyumbe. Miaka yote ile alikuwa amembeba humo Pitshou, na mchungaji, na hata mbuzi mmoja. Mkewe ndiye ambaye hakuwahi kumkaribisha.

"Panda," alisema. "Twende wawili."

Colette alikusanya kitenge chake, akapanda, akakaa mbele akimwelekea mumewe, mikono imeshika kingo zote mbili. Athanase alipiga makasia polepole. Nyuma yao Pitshou aliiacha trela ikitazama kanisa, akaenda kulala kivulini. Walipofika maji yalipobadilika rangi, Athanase akaacha kupiga.

"Wimbo gani?"

"Ile ya mistari tisa."

Ulikuwa ule wimbo ambao, kila ukianza kanisani, Athanase hutoka nje kuangalia kama baiskeli yake ipo.

"Mama Shekina, unajua ile siipendake."

"Najua," Colette alisema. "Nilikuwa na kasirani."

Athanase alimpa kasia moja, naye akalipokea.