Shati Jeupe Machoni pa Buibui

Msusi alikuwa na sheria moja, na yeyote aliyewahi kukalia kiti chake aliijua: hapigi watu picha. Kusuka atakusuka, umbea atakupa wa moto, chai ikiwapo mtagawana. Lakini ukiinyooshea kidole ile kamera ya mtumba iliyoning'inia msumarini juu ya kioo, ukamwambia, "Dada, nipige moja tu," atakujibu bila hata kuinua macho kutoka kwenye nywele zako:

"Mtu akiona kamera anavuta tumbo. Mdudu havuti tumbo."

Basi alipiga wadudu. Lenzi aliifunga nyuma mbele kwa pete ya chuma, maana lenzi ikigeuzwa hivyo hukuza vitu, mpaka unaona mguu wa nzi una nywele za kutosha kusukwa. Mama Mdogo, yule mdogo wa marehemu mama yake, ambaye hasuki wala hasukwi lakini hakosi saluni hata siku moja, alishazoea kuwaeleza wateja wapya: "Wenzake wana albamu za harusi. Huyu wangu ana albamu ya mende."

Mwaka huu roho ya msusi ilikuwa kwenye kona ya juu ya dirisha. Buibui mmoja mfupi, wa manyoya, katika wale wasiotega nyavu bali huwinda kwa kuruka, alikuwa amejishonea pale kihema cheupe, akataga ndani yake, akakaa kulinda. Msusi alihesabu siku ishirini na tatu. Mwaka jana kulikuwa na kihema kama hicho, na watoto walitoka yeye akiwa na kichwa cha mteja mikononi. Kumaliza mistari kumi na miwili na kugeuka, kihema kitupu. Siku hiyo hakula. Safari hii aliapa kumpata mama na wanawe, uso kwa uso, liwalo na liwe.

Jana jioni aliona vimiguu vinacheza ndani ya kihema. Na leo asubuhi, kwa bahati ile ya maskini, mwenye nyumba akamleta fundi mpaka rangi.

Mpaka rangi aliingia na ngazi begani, ndoo mkononi, na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama. Mtaa mzima ulimwita Bwana Harusi.

"Unakuja kupaka rangi au kula keki?" Mama Mdogo akamuuliza.

"Mama, fundi anayechafuka huyo ni mwanafunzi," akajibu, akijitazama kwenye kioo ubavu wa kulia, kisha wa kushoto. "Mama mwenye nyumba kasema saa kumi anakuja kukagua. Kuta zote, na dirisha. Dirisha kalisema mara tatu. Nianze nalo?"

"Usiguse dirisha!" Msusi aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

Bwana Harusi akainua macho kwenye ile kona. Buibui naye akageuka, akamtazama. Ndoo ikatua chini yenyewe.

"Fagio liko wapi?" sauti yake ilikuwa imepanda.

"Ukimgusa huyo, nakuapia, mkeo hatasukwa hapa mpaka apate wajukuu."

"Sina mke."

"Haa! Bwana Harusi hana bibi harusi!" Mama Mdogo alicheka mpaka akashika ukuta. Mwalimu wa shule ya jirani, aliyekuwa kitini nusu ya kichwa imesukwa na nusu nyingine imesimama kama fagio, naye akacheka, kitana kikamchoma, akaacha.

Wakapatana hivi: kuta kwanza, dirisha mwisho. Bwana Harusi akapaka kijani alichochagua mwenye nyumba, kijani cha mchicha uliopikwa ukapitiliza, na kweli halikumrukia hata tone. Msusi akasuka huku jicho moja liko dirishani. Ikafika saa nane. Kuta zikaisha.

"Dada, muda umekwisha," alisema Bwana Harusi akiuchukua msasa. "Nisipoanza sasa, mama akija rangi mbichi, na pesa yangu mbichi."

"Nusu saa, kaka yangu."

"Ulisema hivyo nusu saa iliyopita."

Akasimamisha ngazi chini ya dirisha. Kitu kikalia kwaa! chini ya mguu wa ngazi. Na papo hapo mwalimu, aliyekuwa amekodolea macho dirisha kiooni kwa kukosa pengine pa kutazama, akasema, "Jamani, mbona kile kihema kinatoboka?"

Kitana kilianguka. Msusi akaichomoa kamera msumarini, akainama kuchukua kile kibao chake cheupe alichokata kwenye dumu la maziwa, anachoweka mbele ya taa ya kamera ili mwanga usimpige mdudu kama kofi. Ndicho kilicholia kwaa. Kilikuwa vipande vitatu.

"Umeniua," alinong'ona.

Akazungusha macho. Kuta, kijani. Taulo, nyeusi zote. Mtandio wa Mama Mdogo, maua matupu. Kitu cheupe mle ndani kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa na mtu ndani yake.

"Bwana Harusi, panda kwenye stuli. Pale, nyuma ya bega langu. Tanua mikono."

"Mbele ya yule? Mimi na yule hatujaelewana."

"Taa nitaielekeza kwenye shati, mwanga urudi kwake umelainika. Ninayemhitaji ni shati, kaka. Wewe ni msumari wa kulitundikia."

Sijui ni lile neno "kaka" au ni lile jicho la msusi lililokuwa limeanza kulowa. Bwana Harusi alipanda stuli. Akatanua mikono kama nguo kwenye kamba. Msusi akapanda ngazi.

"Zimeni kile kikausha nywele. Mtu asitembee. Mama Mdogo, hata kunong'ona."

"Mimi tena? Kwani mimi—"

"Mama Mdogo!"

Mama Mdogo akajitia ncha ya mtandio mdomoni akaiuma. Saluni ile haijawahi kunyamaza vile tangu ijengwe.

Watoto walitoka mmoja mmoja, wadogo kama ufuta, miguu myembamba hadi mwanga unapita. Mama yao akasogea mlangoni mwa kihema, akakaza macho yake mawili makubwa ya mbele kwenye lenzi. Msusi alibana pumzi. Kwa ukaribu ule, ukipumua tu jicho linaponyoka, unabaki na picha ya ukungu. Akasogea unywele mmoja, akabonyeza. Unywele mwingine, akabonyeza.

Mtoto mmoja, mtundu kuliko wenzake, akaachia uzi, akapepea, akatua kwenye mkono wa shati jeupe. Akaanza kupanda.

"Dada," Bwana Harusi alisema bila kufungua meno.

"Bado."

Kiwiko. Bega. Jasho lilimtoka fundi wa watu hadi kidevuni.

"Dada."

"Bado... bado... tayari!"

Ukelele alioutoa Bwana Harusi ulisikika mpaka kwa muuza duka. Aliruka kutoka kwenye stuli, mguu wa kulia ukaingia ndooni, na yeye mwenyewe akaufuata. Alipoinuka, kuanzia kola hadi mkanda alikuwa mchicha.

"Mwanafunzi huyo," alisema Mama Mdogo, sasa mdomo uko huru.

"Basi!" Bwana Harusi alinyakua msasa. "Dirisha linasuguliwa sasa hivi, na huyo mama na ukoo wake wote!"

"Sugua," msusi akasema. "Lakini tazama kwanza."

Akamgeuzia kioo cha kamera. Buibui alijaa pote, wanawe wamejipanga kando ya miguu yake. Msusi akabonyeza, jicho likakua, likakua tena. Na ndani ya jicho, jeusi linalong'aa kama sufuria mpya, alisimama mtu mdogo, mikono imetanuka, shati linawaka kama taa. Kwenye jicho la pili, mtu yuleyule.

Bwana Harusi akafuta kidole kwenye suruali, akagusa kioo taratibu.

"Huyu mimi?"

"Wewe."

"Mara mbili? Unaweza kunitolea kubwa? Ya ukutani?"

Hajajibiwa, mlango ukafunguka. Mwenye nyumba, mapema kuliko ahadi yake. Akatazama kuta, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akatazama mwalimu wa nusu kichwa, fundi wa kijani, kisha dirisha.

"Na dirisha je?"

Msusi akasogea mbele ya ngazi.

"Mbao zina unyevu, mama," akasema Bwana Harusi, amekunja uso kama daktari. "Hasa ile kona. Ukipaka leo, itabambuka. Wiki ijayo, na kazi hiyo nakufanyia mwenyewe."

Mwenye nyumba akaguna, akaenda zake. Msasa ukarudi mfukoni.

"Kwa hiyo sheria imevunjika," Mama Mdogo alisema, akiisogeza kamera karibu na pua yake. "Umempiga mtu."

"Sikujua kama yumo."

"Haya, na tumbo je? Alivuta?"

Msusi akakuza jicho mpaka mwisho. Wakainamisha vichwa wote, hata mwalimu na nusu yake.

"Kavuta," wakasema kwa pamoja.