Mama Taarifa na Ufunguo wa Sauti

Mama Taarifa hakuwa na mtoto aitwaye Taarifa. Jina hilo alibandikwa na wasikilizaji, enzi zile redio ilipokuwa redio na watu wakinyamaza mezani ili wamsikilize. Alisoma taarifa ya habari kwa miaka mingi, kwa sauti ambayo watu walisema ingeweza kukutangazia mafuriko mlangoni kwako nawe ukabaki umekaa, ukaomba uongezewe chai.

Kisha redio ikaingia zama mpya. Alikuja mkurugenzi mmoja aliyevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba, akawakusanya wafanyakazi na kuwaeleza kwamba kuanzia siku ile hakuna tena habari, kuna maudhui. Tofauti yake haikuchukua muda kujulikana. Habari husomwa. Maudhui hukatwakatwa, hutiwa muziki, kisha hutolewa na mtu anayeruka mbele ya kamera akinyooshea kidole maandishi yanayoelea hewani. Taarifa ikafupishwa mpaka ikawa kama kupiga chafya, na nusu ya hiyo chafya ilikuwa ya kumsihi mtazamaji abonyeze kengele.

"Mama, sauti yako ni nzuri mno," mkurugenzi alimwambia. "Shida yake ni moja tu. Inataka mtu asikilize."

Kabla hawajamstaafisha, walimwingiza studio wakampa maneno ya kusoma moja moja: tarakimu, siku za juma, miezi, tafadhali, samahani, subiri, asante. Alipouliza ni ya nini, akajibiwa ni kwa ajili ya kumbukumbu. Akaona fahari. Aliisoma hata "bonyeza nyota" kwa heshima zote, kama anatangaza matokeo ya uchaguzi. Wakamuaga kwa keki iliyoandikwa jina lake kimakosa, akarudi nyumbani kwa mumewe.

Mumewe alikuwa fundi saa, nao ni ufundi uliokwisha kuuawa na simu za mkononi muda mrefu nyuma. Kwa hiyo mzee huyo hakuwa na simu na wala hakuitamani. Simu ya nyumba ile ilikuwa moja, ya Mama Taarifa, na kazi yake kubwa ilikuwa kumpata binti yao wa pekee, aliyekuwa anafanya kazi nchi ya mbali na alikuwa amebakiza siku chache ajifungue mtoto wa kwanza.

Ndipo ujumbe ukaingia. "Ndugu mteja, kwa usalama wako, laini yako imefungwa. Piga namba ya huduma uhakikishe sauti yako."

Ilikuwa salama kwelikweli. Mwizi asingeweza kuitumia, na mwenyewe pia asingeweza. Kampuni ya simu ilikuwa imesasisha mfumo wake, na sasa kila mteja alitakiwa kufungua laini kwa sauti yake mwenyewe, kwa kuwa nenosiri watu husahau ila sauti hakuna aisahauye nyumbani. Mama Taarifa alicheka kidogo. Kama kuna mtu katika mji ule ambaye sauti yake haikuhitaji utambulisho, ni yeye. Akapiga.

"Karibu. Simu yako ni muhimu sana kwetu."

Alishtuka hadi akataka kuitikia. Aliijua ile "kwetu". Aliivuta kidogo mwishoni kwa sababu siku ile ya kurekodi alikuwa na njaa. Kumbe zile kumbukumbu za redio ziliishia kuuzwa kwa kampuni ya simu.

"Baba, njoo usikie!" akamwita mumewe. "Huyu ni mimi!"

Mzee akatega sikio kwenye simu, akasikiliza kwa makini ya mtu anayesikiliza saa iliyochelewa.

"Ni wewe," akakubali. "Ila huyu anasema tafadhali."

Mama Taarifa akampokonya simu. Ile sauti ilikuwa inaendelea, laini kama siagi: "Baada ya mlio, tafadhali sema, sauti yangu ni ufunguo wangu."

Akakaa wima, akalainisha koo, akaitoa ile sauti yenyewe, ile ya saa mbili usiku. "Sauti yangu ni ufunguo wangu."

"Samahani. Sauti yako haijatambuliwa. Tafadhali jaribu tena."

Akajaribu tena, taratibu zaidi. Samahani. Akajaribu mara ya tatu, kila herufi ikitamkwa kana kwamba wazazi wake walimlipia karo kwa ajili ya herufi hiyo peke yake.

"Samahani. Tunashuku udanganyifu. Asante kwa kuwa nasi."

Simu ikakatika.

"Yaani nimejikatia simu mwenyewe," akasema, "na kabla ya hapo nikajiita tapeli."

"Kwa adabu lakini," mzee akamtuliza.

Asubuhi yake wakaenda ofisi ya kampuni, wote wawili, maana mzee alisema hawezi kubaki nyumbani akakosa jambo hili. Ofisi ilikuwa ukumbi mkubwa wenye ubaridi wa kiyoyozi, viti vya chuma vilivyoungana, na televisheni ukutani ikionyesha familia moja inayocheka bila sababu kwa kuwa imenunua kifurushi. Wahudumu walivaa fulana zilizoandikwa mgongoni "Niulize Mimi". Uliyemuuliza alikuelekeza upige namba ya huduma.

Walichukua tiketi, wakakaa. Kutoka kwenye spika za darini sauti ikaita, "Mteja mwenye namba arobaini na sita, dirisha la pili, tafadhali." Mama Taarifa akajikunyata kitini. Alikuwa yeye huko juu pia. Dirisha la pili lenyewe halikuwa na mtu. Mhudumu wake alikwenda kunywa chai, lakini namba ziliitwa tu, na watu wakasimama mbele ya kioo kitupu wakionyesha tiketi zao kwa kiti.

Zamu yao ilipofika wakakuta msichana mwenye kucha ndefu na subira fupi.

"Mama, mfumo ukisema si wewe, mimi nitasemaje ni wewe?"

"Nipo mbele yako, mwanangu. Kitambulisho hiki hapa. Sura ndiyo hii."

"Sura siku hizi haitumiki, mama. Tulihama kwenye sura mwaka jana." Akabonyeza kidogo. "Hapa inasema sauti yako ni ya kughushi."

"Ya kughushi? Hiyo sauti inayoita namba huko juu ni yangu mimi!"

Alikosea kulisema hilo kwa sauti ya redio. Sauti ile ilitengenezwa kufika mbali, nayo ikafika. Ukumbi mzima ukageuka. Spika ikaita namba arobaini na tisa, kisha Mama Taarifa akasema, "Mnaona?" na hata kiziwi angejua ni mtu mmoja.

Alitarajia, na nani angemlaumu, kwamba mtu atasema, "Lo, Mama Taarifa! Tumekukosa redioni!" Badala yake akainuka bwana mmoja mnene mwenye duka la vifaa vya ujenzi, uso umemwiva.

"Kumbe ni wewe!" akafoka. "Wewe ndiye unayeniambia simu yangu ni muhimu, kisha unanipigia zumari mpaka chaji inaisha!"

"Baba yangu, mimi nilisoma tu maneno..."

"Na mimi," akadakia muuguzi aliyetoka zamu na sare yake. "Nilibonyeza moja, ukaniambia nibonyeze mbili. Nikabonyeza mbili, ukanirudisha kwenye moja. Nimekukosea nini, mama?"

"Mwulizeni salio langu lilikwenda wapi!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

Wakamzunguka. Hakuna aliyemgusa wala kumtukana. Walimlalamikia, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwani walimlalamikia kama ndugu aliyewatenda. Mama Taarifa alisoma habari za vita na za njaa bila kukosea neno, lakini pale alijikinga kwa mkoba wake. Sauti yake iliwahi kunyamazisha meza za watu. Sasa kumbe ndiyo inayowafanya watupe simu ukutani. Muda wote huo alikuwa nyumbani akimwagilia maua, akidhani ameacha kazi, kumbe usiku na mchana alikuwa anawachosha watu bila hata yeye kujua.

"Poleni," akasema. "Poleni sana, ndugu zangu."

"Hata hiyo 'poleni' naijua," akanung'unika yule wa vifaa vya ujenzi, ila akakaa.

Msichana wa kucha, alipoona ukumbi unachemka, akamwita fundi wa mfumo kutoka chumba cha nyuma. Akaja mwanamke mfupi, kalamu imechomekwa kwenye nywele, mdomoni anamalizia mkate. Akasikiliza kesi yote, akaangalia kompyuta, akacheka mpaka akapaliwa.

"Mama, nisamehe. Mfumo umefundishwa kujilinda. Matapeli walikuwa wanarekodi mashine yetu wanapigia watu. Kwa hiyo sauti yoyote inayofanana na ya mashine inakataliwa papo hapo. Nawe unafanana nayo mno."

"Ni yenyewe inayofanana na mimi!"

"Ndiyo, mama. Lakini yenyewe ndiyo iliyo kwenye kompyuta."

Fundi akampa kipaza sauti kidogo chenye waya. "Tunasajili upya. Sema chochote kile, sauti tu ndiyo inayotakiwa. Ila usitangaze. Ongea kama uko nyumbani."

Mama Taarifa akakishika. "Mimi naongea kama niko nyumbani," akasema.

Mashine ikalia vibaya. Udanganyifu.

"Hapo umetangaza, mama."

"Sijatangaza. Hivi ndivyo ninavyo..." Mlio tena. Akajaribu kunong'ona, akawa anatangaza kwa kunong'ona. Akajaribu kukwaruza koo, akasikika kama taarifa ya habari yenye kikohozi. Sauti ile aliijenga ujanani kwa kazi, akisoma magazeti kwa kelele mbele ya kioo, na kila alipokuwa mbele ya mgeni au kipaza sauti ilijivaa yenyewe. Akaanza kuogopa kwamba chini yake hakuna nyingine. Na huko mbali, huenda uchungu umekwisha kumshika binti yake, naye hana habari. Yeye, wa kukosa habari!

Akageuka, kipaza sauti bado mkononi, kumtafuta mumewe amsaidie. Kitini hakuwepo. Mzee, aliyechoshwa na mambo ya mitambo, alikuwa ameiona saa ya ukutani iliyosimama, nayo kwake ilikuwa aibu isiyovumilika. Sasa alikuwa amepanda juu ya kiti cha chuma, kwa lile goti lake bovu, mikono juu, kiti kinayumba.

"Weee mzee wee!" Ilimtoka kutoka mahali ambapo redio haikuwahi kufika. "Umelogwa? Shuka hapo! Ukivunja hilo goti nani atakubeba, mimi? Nimeshakubeba vya kutosha! Shuka nakwambia, mtu mzima ovyo!"

Mzee akashuka taratibu, saa mkononi, bila kubisha.

"Asante," ikasema mashine kwa utulivu wote. "Sauti yako imetambuliwa."

Watu wakaangua kicheko, hata yule wa vifaa vya ujenzi. Muuguzi alijifuta machozi. Fundi akamrudishia kitambulisho, akamwonya kwamba ndiyo imeshasajiliwa hivyo. Siku akihitaji huduma nyingine itabidi aongee kwa namna ile ile.

"Haina shida," mzee akajibu kwa niaba yake. "Nitakuwepo."

Laini ilifunguka wakiwa bado barabarani, wanarudi, na simu ikaanza kutetemeka mkobani, ujumbe juu ya ujumbe. Kabla hajafungua hata mmoja, ikaita. Alikuwa binti yao.

"Mama! Ni mvulana. Wote wazima."

Mama Taarifa akasimama pale pale pembeni mwa njia, akashika mkono wa mumewe. Kisha akaomba radhi, akamwaga yote: laini, mfumo, ukumbi, watu walivyomshambulia, jinsi ile sauti ilivyogeuka adha mjini kote. "Nawe umezaa peke yako, mwanangu. Ulinitafuta hukunipata."

"Nilikupata, mama," binti akasema. "Nilipiga usiku kucha. Kila nikipiga nasikia wewe: 'Samahani, mtu unayempigia hapatikani kwa sasa. Tafadhali jaribu tena baadaye.' Uchungu ukija napiga. Ukija mwingine napiga. Wakunga wakafikiri nimechanganyikiwa."

"Na ikakusaidia nini hiyo?"

"Ulikuwa unaniambia nijaribu tena." Binti akacheka, sauti yake ikiwa imechoka. "Halafu ulikuwa mpole, mama. Mpole kuliko ukipatikana."

Mzee, aliyekuwa amebandika sikio upande wa pili wa simu, alitikisa kichwa kukubali. Mama Taarifa akampiga kofi dogo begani, akamwambia binti amsogezee mtoto simu. Kukawa na mkwaruzo kidogo, kisha kilio, kikali, kisicho na tafadhali wala samahani. Mama Taarifa akasikiliza pale barabarani, watu wakimpita, mpaka salio la binti lilipokwisha.