Wa Pili Kwenye Akiba

Jibu la Uholanzi lilimkuta Solmaz akiwa amekanyaga zulia. Ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya mwaka mpya wa Kiajemi, unaoingia majira ya machipuko, na mji mzima wa Urmia, Iran, ulikuwa umetoa mazulia nje kuyaosha. Hapakuwa na ukuta wala uzio uliobaki mtupu. Yeye alikuwa uani, suruali ameikunja hadi magotini, povu limemfika kwenye vifundo, na mama yake, Ferangiz, akimwaga maji kwa mpira. Simu ikalia pale dirishani jikoni. Bibi Gulzar, mama mzazi wa baba yake, aliyekuwa amekaa karibu akichambua dengu, aliichukua akaikodolea macho kama mtu anayekagua samaki sokoni.

"Kizungu kitupu," alisema. "Ni wale watu wako, au ni benki?"

Solmaz alivuka ua na povu lake, akateleza, akajishikiza kwenye fremu ya mlango. Aliusoma ule ujumbe, akarudia tena kuusoma. Hawakuwa wamemkubali. Hawakuwa wamemkataa pia. Walimwambia maombi yake yamewavutia sana, na kwamba amewekwa kwenye orodha ya akiba ya ufadhili, nafasi ya pili.

"Akiba ndiyo nini?" mama aliuliza. Alikuwa amesahau mpira mkononi, maji yanaingia kwenye viatu vyake mwenyewe.

"Kama mchezaji wa akiba," alidakia baba yake, Jabbar, dereva mstaafu wa mabasi ya safari ndefu, akiwa amepiga magoti na brashi upande wa pili wa zulia. "Na wewe mama usinune. Mchezaji wa akiba ndiye anayeingia dakika za mwisho akafunga bao."

"Au anakaa benchi mpaka taa za uwanja zinazimwa."

"Haya, mwambie basi mtoto, umtie moyo!"

Solmaz aliwaeleza. Kuna waliochaguliwa, nao wana muda wa kujibu. Wakikataa wawili, yeye anaingia. Wasipokataa, imekwisha mpaka mwaka ujao.

Bibi Gulzar aliacha dengu. "Kwa hiyo tunaomba watu wawili wafe."

"Wakatae tu, Bibi! Nani kasema wafe?"

"Mimi simwombei mtoto wa mtu akose riziki," bibi alisema kwa ukali, kana kwamba Solmaz ndiye aliyetaka hivyo. "Nitawaombea hao wawili wapate pazuri kuliko hapo. Wao wafurahi, na wewe uondoke nyumbani kwangu nipumue."

Mama hakucheka. Alizima maji, akaingia jikoni, akarudi na kijiko cha mbegu za kufukuzia jicho baya zinazotatarika juu ya kaa la moto, akamzungushia Solmaz moshi kichwani. "Jambo hili lisivuke ukuta huu," alisema. "Sitaki lifike kwa shangazi zako, wala kwa majirani, wala kwa rafiki. Ukiulizwa, sema bado hawajajibu. Jicho la watu halina dawa."

Solmaz alikuwa na miaka ishirini na sita. Alisomea kemia, na sasa alifundisha masomo ya ziada kwa vijana wanaojiandaa na mtihani wa kuingia chuo kikuu. Lakini kilichomkalia moyoni ni chumvi. Alipokuwa mdogo, baba yake alikuwa akiwapeleka ziwani wakielea juu ya maji mazito kwa chumvi bila kujua kuogelea. Ziwa lile likakauka mbele ya macho yao, likaacha ardhi nyeupe hadi upeo wa macho, na upepo ukianza kuvuma, chumvi hupanda hewani na kwenda kutua juu ya mizabibu na juu ya vifua vya watu. Shamba la kaka yake Bibi Gulzar lilikufa hivyo, mzabibu mmoja baada ya mwingine. Kwa miaka miwili Solmaz alikuwa amepanda mapaa ya jamaa na marafiki kuweka vibao vilivyopakwa mafuta mazito, apime chumvi inayoanguka. Alitaka kusomea jambo hilo kwa watu wanaolijua. Chuo kimoja kilikuwa kimemkataa kwa maneno laini ya kuchosha. Kingine kilimkataa kwa barua iliyomwita kwa jina la mtu mwingine.

Sasa alibakiwa na hiki, na simu ikawa kama jino bovu: hataki kuigusa, na hawezi kuacha kuigusa. Aliitazama akipika, akisahihisha madaftari, akisubiri mkate dukani. Mwaka mpya uliingia. Wageni walikuja, wakala nuguli, zile peremende nyeupe zenye jozi ndani, na kila shangazi aliuliza swali lile lile huku akibana donge la sukari kwenye meno na kunywea chai.

"Vipi, wazungu wako?"

"Bado, shangazi."

"Wamechelewa. Na mume je, naye bado?"

"Wote wamekwama njia moja," Bibi Gulzar alijibu kwa niaba yake, na sebule nzima ikacheka.

Siku ya kumi na tatu ya mwaka mpya hakuna anayebaki nyumbani. Watu wote hutoka na mikeka, sufuria na makaa, wakatafute majani na maji. Familia ya Solmaz ilikwenda bonde la Band pamoja na familia ya Aytak, rafiki yake tangu shule ya msingi. Wanaume waliwasha moto wa nyama, wakagombania nani anajua kupepea. Wasichana wawili walijitenga hadi ukingo wa mto na bakuli la majani ya saladi, wakawa wanachovya kwenye sharubati ya siki na asali.

Aytak alisomea uhandisi wa maji. Walikuwa wamejaza maombi pamoja kwenye meza moja wakati wa baridi kali, wakisomeana insha zao na kuchekana. Kwa siku kadhaa hakuwa amezungumza sana. Sasa alisema bila kuinua macho, "Uholanzi wamenikubali. Ufadhili wote."

Solmaz alikuwa na jani mdomoni. Alilimeza. Akamkumbatia rafiki yake, na furaha aliyoisikia ilikuwa ya kweli, ila ilikuja na mwiba ndani yake.

"Usinipongeze kwanza," Aytak alisema. "Kanada nao wamenikubali. Mjomba yuko kule, ana chumba, baba anataka niende kwa mjomba. Mama analia kila siku, anasema Uholanzi nitakufa peke yangu na mvua. Natakiwa kujibu wiki hii. Nimechoka kufikiri, Solmaz. Wewe unanijua. Ungekuwa mimi, ungekwenda wapi?"

Mto ulikuwa umejaa theluji iliyoyeyuka, ukipita kwa kelele. Solmaz alitumbukiza mkono majini, akauacha humo mpaka vidole vikafa ganzi. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, tena mazuri, ya kiungwana: familia ni familia, nenda kwa mjomba. Hakuna ambaye angemlaumu. Mama yake Aytak angembusu mikono. Na orodha ya akiba ingesogea hatua moja.

"Kanada utafanya nini hasa?" aliuliza.

"Maji machafu ya migodi. Profesa ni mtu mwema."

"Na Uholanzi?"

"Maziwa. Maziwa yanayokufa na namna ya kuyarudishia maji." Aytak alipolitamka hilo, sauti yake ilibadilika kabisa, ikawa ile sauti ya usiku wa insha.

"Basi umeshajijibu," Solmaz alisema. "Migodi hujawahi kuniambia habari zake hata siku moja. Ziwa unalisema mpaka watu wanakukimbia. Nenda Uholanzi. Mwambie mama yako mvua haijaua mtu, na mjomba utamtembelea."

Aytak aliinua macho. "Na wewe wamekujibu nini?"

"Bado," Solmaz alisema, akainuka kwenda kusaidia chai.

Jioni, wakikunja mikeka, alimweleza baba yake peke yake, kwa sababu asingeweza kulala nalo. Jabbar alisimama na birika mkononi, chai iliyobaki ikimwagika kwenye majani.

"Ungesema Kanada, nisingekusema vibaya," alisema.

"Najua, baba."

"Unajutia?"

"Kidogo. Tangu mtoni mpaka hapa nimejutia, nikaacha, nikajutia tena."

"Hiyo ni sawa," baba alisema, akaweka birika ndani ya kikapu. "Kama usingejutia hata kidogo ningekuogopa."

Wiki zilizofuata Solmaz alianza kujisemesha kwamba mwaka ujao si mbali. Alipanga kuongeza vibao kwenye mapaa ya vijiji viwili zaidi. Alinunua viatu vipya vya kufundishia, vya kudumu. Mti wa lozi uani ulichanua, ukamwaga maua, ukaanza kufunga matunda.

Ujumbe uliingia akiwa mbele ya darasa, chaki mkononi. Alikuwa ameapa hataangalia simu kazini, lakini iliwaka juu ya meza na jicho likaona neno la kwanza. Aliwaambia wanafunzi wasawazishe mlinganyo, akatoka kwenye korido, akaegemea ukuta wa baridi. Wawili kati ya waliochaguliwa walikuwa wameacha nafasi zao. Ufadhili ni wake akiupenda, na tafadhali athibitishe.

Alirudi darasani akaandika hesabu iliyobaki. Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, mbona umeweka oksijeni pande zote mbili na hidrojeni huna kabisa?" Solmaz aligeuka, akaona alichokiandika, akaanza kucheka, kisha akawa analia mbele ya vijana thelathini waliotahayari kwa niaba yake.

Nyumbani mama alilia kuliko yeye. Bibi Gulzar alitaka kujua kwanza kama huko wanakula mkate. Baba alikuwa ameshatoka nje kumwita jirani, na siri yote ya wiki nyingi ikaruka ukuta kwa sauti moja.

Aytak alifika mbio, ushungi umemwangukia mabegani. Solmaz alimweleza yote palepale mlangoni, tangu siku ya zulia.

"Subiri," Aytak alisema. "Pale mtoni nilipokuuliza, ulikuwa tayari kwenye akiba?"

"Nilikuwa."

"Ya mpango huo huo?"

"Huo huo."

"Na ukaniambia niende!" Alimpiga na mkoba begani, kwa nguvu. "Mwendawazimu wewe! Ungeniambia!"

"Ningekuambia ungekwenda Kanada kwa kunionea huruma, halafu ungenichukia kila ukiona mgodi."

Aytak akampiga tena na mkoba, safari hii taratibu, kisha wakashikana pale mlangoni mpaka Bibi Gulzar akapiga kelele kwamba mlango ukiwa wazi nzi wanaingia.

Mwezi wa sita Jabbar aliwapeleka wote wawili Tehrani kwa gari lake kuukuu, kwa ajili ya viza. Waliondoka alfajiri, bahasha zao zimefungwa kwa mpira, Ferangiz amewapakia kuku, mkate na mayai ya kulisha kikosi. Ubalozini kijana mmoja mpole alichukua karatasi zao, akawaambia warudi nyumbani wasubiri, watapigiwa.

"Kwa muda gani?" Aytak aliuliza.

"Hatuwezi kusema."

Walipotoka, Jabbar alikuwa kivulini anakula yai. Akawatazama nyuso.

"Wamesema tusubiri," Solmaz alisema.

"Basi tusubiri. Ingieni garini, nimeona mahali wanauza tikiti maji."

Njiani wasichana walibishana kuhusu chumba: nani atapika, nani ataamka kwanza, na kama achari ya mama yake Aytak itapita uwanja wa ndege bila kupasuka. Jabbar aliendesha, tikiti likibingirika kwenye buti kila alipokata kona.