Ugonjwa wa Siku ya Wageni

Dadangu Nasimiyu, mwenye miaka tisa, huugua kwa ratiba. Wageni wakitangazwa shuleni kwao hapa Kangemi, Mwalimu Obuya humwambia abaki nyumbani apumzike. Wageni wakiondoka, hupona.

"Kwani mimi huwa naumwa wapi?" aliniuliza asubuhi hiyo, akinywa uji kwa bidii isiyo ya mgonjwa.

Nasimiyu hajui kusoma, na anataka sana kujua. Hunipa hata pakiti ya unga nimsomee, kisha hushuku namdanganya. Ana haki. Niliwahi kumsomea kwamba chapati zimekatazwa kwa wasichana.

Mimi nilikuwa likizoni kutoka shule ya bweni, ambako mtu hujifunza kutomwamini yeyote, hasa mpishi. Kwa hiyo Mwalimu Obuya alipotokea mlangoni na sare ya Gredi ya Nne mkononi, nilimtazama kama ninavyotazama maharagwe ya Ijumaa.

"Haron, wewe ni mfupi," alisema. "Kuja ukae darasani kidogo. Kuna madam anapima watoto kusoma. Utapata soda."

"Na Nasimiyu?"

"Huyo apumzike. Wakijua watoto wetu hawajui kusoma, watatufungia shule."

Kaptula ilinibana mahali pa heshima. Darasani niliwakuta wasomaji wengine wa kuazimwa, tukakwepana macho kama wezi.

Madam mwenyewe, Mercyline, alishika kadi yenye hadithi fupi. Kila mtoto aliisoma kama mtangazaji wa habari. Nilipokaribia mbele ya foleni, nilimsikia akimnong'onezea mwenzake, "Hapa wote wanajua. Yule mwalimu wa kuwasaidia wasiojua, tumpeleke kwingine."

Nikaelewa. Mwalimu Obuya alikuwa amewaficha wagonjwa siku ya daktari.

Zamu yangu ikafika. "Mbu... mbuzi?" nilijaribu, kwa huzuni kuu. Neno lilikuwa "mama". Sauti yangu, ambayo mwaka huu imeamua kuwa nzito kama ya kondakta, ikanisaliti.

Madam akavua miwani. "Uko gredi gani?"

"Ya nne, madam."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

Hakucheka. "Na wenye darasa wako wapi?"

"Wanaumwa, madam. Ni ugonjwa unaokuja na wageni."

Mwalimu Obuya akakohoa. Labda ugonjwa huo ulikuwa umemshika pia.

Nilitumwa kumleta Nasimiyu. Alisimama mlangoni na kandambili zake, hakuingia.

"Nikishindwa, mtanifukuza?"

"La," madam alisema. "Nitakuletea mwalimu wa kukufundisha kusoma."

"Wa kweli, ama wa siku ya wageni?"

"Wa kweli. Atakuwa hapa muhula wote."

Nasimiyu alinitazama kuona kama nacheka. Sikucheka. Akaingia, akaweka kidole kwenye kadi.

"Hii herufi naijua," alisema. "Hizi zingine sijui."

Madam akamgeukia Mwalimu Obuya. "Waite wagonjwa wote."

Soda yangu sikuiulizia. Hata Mwalimu Obuya angenipa, ningeinusa kwanza.