Wanne wa Mapokezi

Tereza Maige alikuwa na miaka arobaini na mbili alipokaa tena kwenye dawati, na siku ya kwanza mwalimu wake alimwamkia shikamoo.

Aliitikia marahaba, akafungua daftari. Mwalimu mwenyewe, Josephat, alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja na karibu wote wangeweza kumzaa. Kila mmoja alikuwa na shahada ya jambo jingine: yuko aliyesomea misitu, yuko aliyepima ardhi, wengine walikuwa walimu. Chuo kilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la zamani katikati ya mji wa Mwanza, juu ya duka la nyavu, na kozi iliitwa stashahada ya uzamili ya kompyuta na uendeshaji wa biashara. Tangazo lilisema ni ya watu wanaotaka kubadili kazi. Okwach, aliyefundisha fizikia miaka kumi na minane huko Musoma, alisema tangazo limekosea. Pale hapakuwa na mtu aliyetaka kubadili kazi, kazi ndizo zilizowakimbia.

Kazi ya Tereza ilikuwa pamba. Alisomea kilimo Morogoro, kisha kwa miaka kumi na mitano akakaa katika chumba cha madaraja, chumba chenye madirisha makubwa yanayotazama kaskazini. Sampuli zilikuja kutoka vijijini, naye huvuta nyuzi kwa vidole viwili, akazilaza juu ya kitambaa cheusi, akakwambia kama pamba ile imevunwa kabla ya mvua au baada, na kama mkulima ameilaza juu ya mkeka au chini kwenye vumbi. Soko lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi waliingia na malori yao. Wakanunua pamba safi na pamba fifi, ile chafu ya daraja la chini, kwa pamoja, wakazishindilia gunia moja, na wakulima wakafurahi kwamba hakuna tena wa kuwarudishia mzigo. Misimu miwili ikapita. Hakuna aliyeuliza daraja. Ikaja barua ya mistari sita, na chumba kikafungwa.

Miaka miwili alifuga kuku nyumbani Kisesa. Mumewe, Nestory, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyeleta lile tangazo, amelikunja mfukoni.

"Nenda," alimwambia. "Kuku hawa hata mimi naweza kuwalisha."

Basi akaenda. Vipindi vilianza saa kumi jioni, kwa sababu wengi walikuwa na vibarua vya mchana. Kompyuta zilikuwa sita, na umeme ulikuja ulivyotaka. Tereza aligawiwa mashine moja na Okwach. Vidole vyake, vilivyokuwa vinatambua unyuzi uliozidi mwingine kwa upana wa punje ya mtama, vilitembea juu ya herufi kama kuku anayedonoa gizani. Maneno aliyoyajua toka utoto yalikuwa yamegeuka maana: faili, dirisha, kipanya. Alipokosea, mashine ilipiga mlio mmoja mkavu, na Josephat alikuja taratibu, mikono nyuma, akisema, "Samahani mama, hapo tunarudi nyuma kidogo." Tereza angependa zaidi agombezwe.

Uchovu wake haukuwa wa mwili peke yake. Kuwa mjinga ukiwa mtoto ni jambo jepesi, maana hujawahi kuwa kitu kingine. Kuwa mjinga baada ya kuwa mtu anayeulizwa, hilo lilimkalia mabegani kila jioni akishuka zile ngazi. Hata hivyo hakuacha. Mwaka wa kwanza ukaisha, wanafunzi watatu wakapotea njiani, yeye akabaki.

Mwaka wa pili kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua biashara moja ya kweli, aichunguze, kisha aandike ripoti ya namna kompyuta itakavyoisaidia. Tereza alichagua kiwanda cha minofu ya sangara kilicho nje kidogo ya mji, ufukweni. Hakukichagua kwa sababu ya samaki. Alikichagua kwa sababu ya Paskazia.

Paskazia alikuwa amefanya naye kazi katika chumba cha madaraja, akipokea sampuli na kuziandika. Alimzidi Tereza kwa miaka mitatu, alisoma mpaka darasa la saba, na alikuwa na jicho ambalo Tereza mwenyewe alilitegemea siku za mawingu. Walipunguzwa siku ileile. Lakini Paskazia hakukaa nyumbani hata mwezi. Alikwenda kiwandani, akaomba, akawekwa mapokezi, pale samaki wanaposhushwa kutoka kwenye boti.

"Dada Paskazia, nimekuja unifundishe," Tereza alimwambia.

"Msomi wa vyuo viwili nimfundishe mimi?" Paskazia alisema, lakini alikuwa amefurahi. Alimtafutia buti za mpira na koti jeupe.

Mapokezi palikuwa na watu sita, makarani wa sakafu wanavyoitwa. Kazi yao ilikuwa kupima uzito na kuandika kila kreti imetoka boti ipi, kisha kukubali samaki au kumkataa. Kwa wiki tatu Tereza alisimama nyuma ya Paskazia, maji ya barafu yakimpita miguuni. Paskazia alifunua mashavu ya sangara kwa kidole gumba. Mekundu, sawa. Yakianza kufanana na matofali mabichi, mtazame tena. Alibonyeza mgongo, akangoja nyama irudi. Alinusa mara moja tu.

"Ukinusa mara mbili pua inakudanganya," alisema. "Na huyu unamwona? Alifia wavuni, alikaa humo usiku kucha, ndipo wakamtia barafu. Macho bado mazuri. Lakini kesho atakuwa uji."

"Umejuaje?"

"Tumbo. Shika hapa. Si kama pamba iliyolowa ikaanikwa upya?"

Tereza alishika, na kweli ilikuwa vile. Alicheka kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi. Aliandika yote, kurasa kwa kurasa, na jioni aliziingiza kwenye mashine kwa kidole kimoja, baadaye kwa vitatu.

Ripoti ilipokaribia kwisha, Josephat aliipitia akasema imekosa sehemu ya faida. Mtahini atatoka Dar es Salaam, na la kwanza atakalouliza ni kiwanda kitapata nini. Kulikuwa na jedwali la kujaza. Muda utakaookolewa. Makosa yatakayopungua. Mstari wa mwisho ulisema: wafanyakazi watakaopungua.

Tereza alikaa mbele ya mstari ule mpaka Okwach akainama kutazama kilichomkwamisha.

"Weka sifuri," Okwach alisema.

"Si kweli. Kuandika kunachukua zaidi ya nusu ya kazi yao. Mashine ikiandika, wawili wanatosha."

"Mimi naijua hesabu. Nakwambia weka sifuri."

Lakini Tereza alikuwa amechoka, na hesabu ilikuwa hesabu. Tena alijiambia kwamba ile ni karatasi ya shule, itasomwa na watu watatu na kufungiwa kabatini. Aliandika: wanne. Kisha akahifadhi kwenye disketi, akaenda nyumbani.

Meneja wa kiwanda, Bwana Alexander, aliomba nakala. Ilikuwa haki yake, kwa kuwa ndiye aliyemruhusu kuingia. Tereza alimpelekea mwenyewe, imepigwa chapa na kujalidiwa, na meneja akamshukuru sana huku akiendelea kusaini karatasi nyingine.

Baada ya wiki tano Paskazia alikuja Kisesa, siku ya Jumapili, baada ya misa. Alikaa, akanywa uji, akauliza habari za watoto. Kisha akatoa barua. Tereza hakuhitaji kuisoma yote. Ilisema kwamba kufuatana na uchunguzi wa kitaalamu uliofanyika katika idara ya mapokezi, nafasi nne zimeondolewa.

"Mtaalamu ni wewe?" Paskazia aliuliza.

"Ni mimi."

"Nilidhani hivyo. Shimba wa mapokezi alisema haiwezekani, nikamwambia uchunguzi ni mmoja tu tuliouona." Alikunja barua kwa mikunjo yake ya zamani. "Ungeniambia tu. Nisingekuzuia. Ningeanza kutafuta mapema."

Tereza alitaka kusema ilikuwa karatasi ya shule. Lakini alikumbuka kwamba ile barua yake ya mistari sita nayo ilitaja uchunguzi wa kitaalamu, na kwamba kwa miaka yote hii alikuwa amemfikiria mtaalamu yule kama mtu mbaya.

Jumatatu alikwenda kiwandani. Bwana Alexander alimkaribisha kiti.

"Ripoti inasema watu wapunguzwe mashine zikishafungwa," Tereza alisema, "na baada ya miezi sita ya mafunzo. Kompyuta ziko wapi?"

"Zitakuja, mama. Nimeanza na sehemu iliyo rahisi."

Alisema bila ubaya wowote. Tereza alitoka bila kuaga sawasawa. Kutoka pale alikwenda chuoni kumwomba Josephat amrudishie ripoti airekebishe. Josephat alikosa raha. Ilikwisha kusahihishwa, alisema, ilikuwa Dar es Salaam, na kwa kweli ilikuwa imepata alama ya juu kuliko zote. "Hongera, mama," aliongeza, akitazama chini.

Hata hivyo Tereza alirudi kwenye nakala yake ya disketi, akaisoma kama iliyoandikwa na mtu mwingine, na akaliona kosa. Kurasa zote alizofundishwa na Paskazia zilikuwa mle, katika sura ya pili. Jedwali la mwisho lilikuwa limezisahau. Alihesabu saa za kuandika, akaona watu wanne wanaweza kuondoka. Lakini mtu yuleyule aliyeandika ndiye aliyefunua mashavu na kushika tumbo, na kazi hiyo hakuna mashine ingeipunguza. Alikaa mbele ya kompyuta jioni tatu, Okwach akimwachia zamu yake, akaandika ukurasa mmoja wenye kichwa: Sahihisho. Mwandishi alikosea, alianza. Alihesabu kuandika, hakuhesabu kukagua.

Hakujua aupeleke wapi. Mwezi uliofuata akaitwa kiwandani. Makarani wawili waliobaki walikuwa wakipitisha samaki wa watu sita, na mzigo mmoja mzima ulikuwa umekataliwa uwanja wa ndege, nyama imelegea kabla ya kupanda ndege. Bwana Alexander sasa alikuwa na haraka. Alitaka zile kompyuta, na alitaka Tereza aje kuzisimamia, kwa ajira ya kudumu.

"Kompyuta isingemwona samaki yule," Tereza alisema.

"Nani angemwona?"

Akampa ule ukurasa. Meneja aliusoma mara mbili, na safari hii hakuwa akisaini kitu. Mwisho akasema wanne hawezi kuwarudisha, wakubwa wake wamekwisha kuiona namba ile na kuipenda. Wawili anaweza.

Tereza aliomba siku moja afikiri, ingawa hakuwa na cha kufikiri. Vyuo viwili, kuku, mume mwenye mshahara wa ualimu. Angekataa, kazi ile ingechukuliwa na mtu asiyejua hata tumbo la sangara liko upande gani. Na angekubali, angekaa juu ya viti vya watu. Alikubali. Jina la kwanza alilolitaja la kurudishwa lilikuwa la Paskazia.

Akaipeleka habari hiyo soko la Mwaloni, Kirumba, ambako Paskazia alikuwa ameanza kuuza mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki kiwandani minofu ikishatolewa. Aliyakaanga, akayapanga juu ya meza ya mbao. Ilikuwa mchana, na soko limejaa.

"Nafasi ziko mbili," Tereza alisema. "Moja ni yako."

"Wape Shimba na yule mama wa Sengerema anayevuka na feri kutoka Kamanga. Ana watoto wadogo." Paskazia alifukuza nzi kwa kipande cha boksi. "Mimi nimechoka kusimama kwenye maji, Tereza. Miguu inaniuma tangu mwaka juzi. Hapa nakaa."

"Shimba yumo bado, hakupunguzwa."

"Kweli, nimesahau. Basi mpe Ngosha, alipunguzwa pamoja nami. Wewe unawajua wote, si uliwahesabu?"

Haikuwa kejeli kamili, wala haikuwa msamaha. Tereza aliipokea jinsi ilivyokuja. Alisimama, hajui kama aondoke.

"Majibu yametoka?" Paskazia aliuliza.

"Yametoka. Nimefaulu."

"Vizuri. Ile sura ya samaki walisemaje?"

"Walisema ni ndefu mno."

Paskazia alitikisa kichwa, na kidogo acheke. Alisukuma kreti tupu kwa mguu hadi kivulini. "Kaa. Umekonda."

Wateja walikuja, akawageukia. Tereza alikaa juu ya kreti, mgongo umeegemea nguzo ya kibanda. Alitaka kusema neno jingine, la kuomba radhi lililonyooka, na alikuwa akilitafuta. Kelele za wachuuzi zilimzunguka, Kisukuma, Kijaluo na Kikerewe, mafuta yakilia kikaangoni, na kabla hajalipata lile neno usingizi ukamchukua akiwa amekaa vilevile, mkoba mapajani, kama mtu aliyeshuka kutoka safari ya siku mbili.

Mteja mmoja aliuliza kama huyu mama anaumwa.

"Haumwi," Paskazia alisema. "Amesoma tu."

Akavua khanga yake ya pili, akamfunika kichwa dhidi ya nzi, akaendelea kuuza. Jua lilipofika upande wa pili wa meza, alimshika bega, akamwamsha ili awahi gari la Kisesa.